"Charge" si ya simu tu

Mdogo wangu, mgeni wako pale magofu ya Kaole aliposema "Is there a charge?" hakuwa anatafuta pa kuchajia simu. Aliuliza kama kuna kiingilio. Kwa kazi yako ya kutembeza wageni Bagamoyo, mara nyingi neno hilo ni pesa: "free of charge" ni bure, na "How much do you charge?" anataka bei yako, mtajie palepale usimzungushe.

Akisema "Who is in charge here?" anamtaka msimamizi, mpeleke kwa aliye zamu.

Hapa ndipo pa kutega sikio: "They charged me ten thousand" ametozwa elfu kumi, lakini "They charged him with theft" huyo kashtakiwa kwa wizi. Hako ka-"with" kanageuza risiti kuwa kesi!

Asili yake ni Kilatini, kupakia mzigo kwenye gari. Ndiyo maana betri inapakiwa umeme, na mtu anabebeshwa deni, madaraka au mashtaka. Ukishika hilo la mzigo, mengine utayakisia mwenyewe.