Kabla hujashika kiti cha mtu

Mliokubaliwa kujitolea kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Glasgow 2026, hongereni. Mimi nilijitolea kwenye ile ya Birmingham mwaka 2022, mmoja kati ya watu zaidi ya 14,000.

Suala la pesa tulimalize. Malipo hakuna. Utapewa sare, na chakula ukiwa zamu. Malazi ni juu yako. Nililala sebuleni kwa binamu yangu, kwa hiyo wako anza kumbembeleza mapema. Na kwenye fomu, panapoulizwa lugha, usione haya kuandika Kiswahili.

Sasa kazi yenyewe. Olimpiki huisha kwanza, Paralimpiki, yaani ya wenye ulemavu, ikafuata wiki kama mbili baadaye. Michezo hii ya Madola iko tofauti: wenye ulemavu na wasio nao wamo katika ratiba moja. Julai 30 pale Birmingham marathoni ya viti mwendo na ya miguu zilikuwa siku moja. Kwa upande wa viti, David Weir wa Uingereza akapata pancha, dhahabu ikaenda kwa mwenzake Johnboy Smith. Kwa upande wa miguu, Alphonce Simbu wetu wa Tanzania alishika nafasi ya pili nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda, na sauti ikanikauka hadi kesho yake. Kwako wewe unayesimama langoni maana yake ni kwamba ndani ya dakika tano utampokea mwenye kiti, asiyeona, kiziwi na pande la mtu anayerusha tufe. Hakuna zamu ya "wale wengine".

Kosa langu nililifanya siku ya pili. Alikuja mwanariadha kwenye kiti mwendo, mbele yake mteremko. Nikajiona mwema. Kiti hakikuwa hata na mishikio, basi nikaweka viganja kwenye egemeo nikasukuma. Akayakamata magurudumu, kiti kikaganda. Akageuka, akaniuliza taratibu: "Na mimi nikikusukuma mgongoni bila hodi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Kile kiti kwake ni kama miguu. Uliza kwanza, na akisema hapana, pisha njia. Usianze kubembeleza.

Kwa asiyeona ni vivyo hivyo. Mbioni yeye na mwongozaji wake wameunganishwa kwa kamba fupi, lakini mkimbiaji ndiye lazima atangulie kuvuka mstari wa mwisho. Mwongozaji akitangulia, wameharibu. Wengi wetu hapo langoni tuliigeuza kanuni hiyo. Tulimuuliza mwongozaji, "Anataka maji?" ilhali mwenyewe yupo na masikio anayo. Muulize yeye. Akitaka kuongozwa, mpe kiwiko akishike, usimburute mkono, na mwambie: ngazi tatu, zinashuka.

La mwisho, fika mapema uzunguke eneo lako, kwa sababu nusu ya kazi ni kujibu "choo kiko wapi?" Choo cha kuingia na kiti ni kipi, na ufunguo anao nani? Lifti ikikwama, njia ya pili ina ngazi? Kwenye zamu yangu kulikuwa na mzee mstaafu ambaye hakuwahi kubabaika hata siku moja. Nikamchunguza. Nyuma ya kitambulisho chake alikuwa amechomeka kikaratasi kilichochorwa kwa kalamu: choo, lifti, maji, kivuli. Siku ya tatu nikaomba ninakili.