Toa demo, usiogope wakraki

Mkuu, umeuliza ukitoa demo ya gemu lako, yani kipande cha bure cha kujaribu, wizi utapungua au ndo unawarahisishia wakraki, wale wanaovunja kinga za gemu. Toa bana. Kuna wanaoshusha kopi za wizi wakitaka tu kujua kama kompyuta yao italiweza gemu, mi mwenyewe nishawahi kushusha GB 40 usiku kucha na bando la ofa, kufungua tu inakwamakwama, kumbe kadi ya grafiki haitoshi. Kampuni ya id Software 1993 waliachia episodi nzima ya kwanza ya gemu lao la Doom bure, watu wapeane disketi wanavyotaka, mbili zilizobaki unalipia, na waliuza kinoma. Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanarudisha hela kama hujafikisha saa 2 za kucheza na hazijapita siku 14 tangu ununue, ila hapo lazima ulipe kwanza. Kitu kimoja tu, usiweke mafaili ya gemu zima ndani ya demo, watalifungua chap.