Kabla Hujatupa, Tafuta Palipokufa

Kitu kikigoma, ni nadra kiwe kimekufa chote. Kilichokwisha ni sehemu moja, tena mara nyingi ile ya bei rahisi kuliko zote: waya, swichi, fyuzi, kichwa cha zipu. Sehemu nyingine zote zingali nzima na zingeweza kufanya kazi miaka mingi. Ndiyo maana nikikaa na kifaa kibovu sijiulizi kwanza kama kinatengenezeka. Natafuta palipokufa, na nikishapaona, uamuzi wa kutengeneza au kutupa haunipi taabu.

Kwa kufungua vitu vingi nimeona kwamba ubovu una makao yake. Hukaa panaposogea, panapochemka na panaposhikwashikwa. Waya, kwa mfano, ni nadra ukatike katikati ya urefu wake. Hukatika ndani ya ganda, karibu na plagi au pale unapoingia kwenye kifaa, kwa sababu hapo ndipo hupindwa kila siku. Dalili yake kila mtu anaijua: ukiushika namna fulani kifaa kinawaka, ukiuachia kinazima. Dawa ni kuchomoa, kukata kipande chenye ubovu na kufunga plagi mpya. Piga picha ya ndani ya plagi ya zamani kabla hujalegeza skrubu hata moja. Nchi nyingi hutumia kahawia kwa waya wa moto, bluu kwa nyutro na kijani chenye mstari wa njano kwa waya wa ardhini, lakini si zote, na vifaa vya zamani vina rangi zake.

Mashine zenye mota, kama ya kutobolea ukuta au ya kusagia, huaga kwa namna nyingine. Zinaanza kurusha cheche nyingi, nguvu inapungua, mwisho zinanyamaza kabisa na mwenyewe anasema mota imeungua. Kabla hujakubali hukumu hiyo, tazama pembeni ya mota. Mashine nyingi za aina hii zina vifuniko viwili vidogo vinavyofunguliwa kwa bisibisi bapa, na nyuma ya kila kifuniko kuna kipande cha kaboni kinachosukumwa na springi. Vipande hivyo vimetengenezwa ili vilike badala ya mota kulika. Vikibaki vifupi mno havigusi tena, umeme haupiti, na mota nzima inaonekana imekufa kumbe ni mzima wa afya. Unanunua jozi ya saizi ileile, unaitia, kazi inaendelea.

Vifaa vya joto, yaani pasi, birika la umeme, kikausha nywele, mara nyingi vina fyuzi ya joto. Hii huyeyuka mara moja tu joto likizidi, ili nyumba isiungue. Wapo wanaoiruka kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja, na kifaa kinawaka kweli. Usifanye hivyo, na usimpelekee tena kitu chako fundi anayefanya hivyo. Kiwango cha joto huwa kimeandikwa kwenye fyuzi yenyewe, kwa hiyo tafuta nyingine yenye kiwango hichohicho, kisha uchunguze kilichofanya joto lizidi.

Simu isiyochaji nayo naanza kuitazama tundu lake kwa tochi. Mara nyingi kumejaa nyuzinyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa na plagi yenyewe kila inapochomekwa. Zima simu, chokoa polepole kwa kijiti cha meno cha mbao, usitumie pini.

Lakini nikitaka kumwonesha mtu ambaye hajawahi kutengeneza kitu, simpi umeme. Nampa zipu. Begi au koti ambalo zipu yake inapita vizuri lakini meno yanaachia nyuma, watu hulitupa wakidhani meno yameisha. Yaangalie kwa karibu: yapo yote, yamenyooka. Kilichochoka ni kichwa kinachoyabana. Kimepanuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Kishushe mpaka mwanzo wa zipu, chukua koleo dogo, bana ukingo wa kushoto kwa upole, kisha wa kulia, halafu jaribu. Kama bado, rudia. Ukibana kwa pupa kitapasuka, maana vingi ni vya chuma cha kumiminwa ambacho hakipindi. Meno yakianza kukamatana, mtu huyo anatazama begi lake upya, na baada ya hapo ndiye anayekuletea vitu vya kufungua.

Zana hazihitaji kuwa nyingi. Bisibisi za nyota na bapa, ndogo na kubwa, koleo, sindano nene na uzi wa nailoni, na multimita ya kawaida, yaani kipimo cha umeme. Wengi huogopa multimita kwa sababu ya namba zake, ilhali kazi kubwa inayofanywa nyumbani ni moja tu. Iweke kwenye alama ya sauti, kifaa kikiwa kimechomolewa, gusisha ncha zake kwenye ncha mbili za waya au fyuzi. Ikilia, njia ni nzima. Ikinyamaza, umepata palipokufa. Na skrubu zinapotoka, zipange juu ya karatasi kwa mpangilio uleule zilivyokaa, hasa kwenye simu na kompyuta, kwa sababu skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kilicho chini yake.

Gundi inastahili maneno yake, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gundi ya kukauka haraka ni ngumu lakini haipendi kupindwa, kwa hiyo haifai soli ya kiatu. Soli inataka gundi ya viatu inayobaki laini: kwaruza gundi ya zamani yote, paka pande zote mbili, subiri ikauke mpaka isichafue kidole, ndipo ubane kwa nguvu. Kwa plastiki, geuza kitu utazame alama ya pembetatu chini yake. Ukiona namba 2 au 5, jua kwamba gundi za kawaida hazishiki plastiki hiyo hata umwage chupa nzima. Toboa matundu madogo pande mbili za ufa ushone kwa waya mwembamba. Si pazuri kutazama, ila panashika.

Kuhusu kutumia vitu upya, nina neno moja lisilopendwa: kurundika si kutumia. Kopo ambalo halijapewa kazi ni takataka iliyochelewa kutoka. Mimi huweka tu kile ninachokijua kazi yake, hasa skrubu, springi, nyaya na vishikizo kutoka kwa vitu vilivyoshindikana, kwa sababu hivyo ndivyo hukosekana siku ya haja. Wanaotengeneza samani kwa mbao za vichanja vya mizigo, yaani paleti, wasome muhuri wake kwanza. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto. MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromidi, na hizo usiziingize ndani. Vilevile, chombo kilichobeba kemikali hakigeuzwi kuwa cha maji ya kunywa hata ukisuguaje.

Yako pia ya kuacha. Oveni ya mikrowevu ina kapasita inayoweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Betri ya lithiamu iliyovimba haitobolewi wala haikandamizwi. Helmeti iliyokwisha pigika haina kiraka. Jokofu kuukuu sana nalo huenda linakula umeme mwingi kiasi kwamba kulibadilisha ni bora kuliko kulifufua. Simu ni kinyume chake: sehemu kubwa ya uchafuzi wake hutokea kiwandani kabla hujaiwasha, hivyo kubadilisha betri na kukaa nayo miaka miwili zaidi ni kazi yenye maana. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo.

Si kweli kwamba lawama yote ni ya mnunuzi mvivu. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikubaliana kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, na aliyezidisha alitozwa faini. Siku hizi hila ni gundi mahali pa skrubu, na vipuri visivyouzwa. Ufaransa ilianza mwaka 2021 kulazimisha baadhi ya vifaa viuzwe vikiwa na alama za jinsi vinavyotengenezeka, na Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya haki ya kutengeneza mwaka 2024. Kutoka chini nako watu wamejipanga: Martine Postma alianzisha mjini Amsterdam, mwaka 2009, mkutano ambao mtu huleta kitu chake kibovu na kukaa na anayejua, wakakifungua pamoja. Napenda hilo la kukaa pamoja. Ukimwachia fundi kitu na kuondoka, kinapona kitu. Ukikaa, unaondoka na ufundi wake kidogo.

Kwa hiyo hata ninaponunua kipya, nakigeuza chini juu kabla sijauliza rangi. Natafuta skrubu zinazoonekana. Naangalia kama waya unachomoka ukaweza kubadilishwa, na kama betri inatoka bila kuyeyusha gundi kwa joto. Namuuliza muuzaji kuhusu vipuri. Akicheka, nakirudisha rafuni.