Kuhusu lile jicho

Mwanangu,

Picha mbili za Redon, yule msanii Mfaransa, ulizonitumia kutoka Chicago nimezipata. Unauliza kama ndoto zile aliziota kweli au alizitunga: lile jicho lililogeuka puto, la mwaka 1882, na yule buibui anayecheka.

Mimi kwanza niliutazama weusi wake. Ile ni litografia, uchapaji wa jiwe. Unachora kwa mafuta, mchoro unakaa kwenye jiwe, jiwe unalilowesha. Maji na mafuta havipatani, basi wino unashika penye mafuta tu. Ni kanuni ileile ya ofseti, mashine ya kuchapa niliyoifanyia kazi, iliyokusomesha wewe na kaka zako.

Unakumbuka nilivyorudi kimya siku ile tuliyochapa kalenda, mama yako akadhani nimefukuzwa? Rola ya maji ilikauka, pleti, lile bamba la kuchapia, nzima ikanywa wino. Karatasi ikatoka nyeusi tititi, ila katikati palibaki weupe kidogo, na ndani yake nikamwona bibi yako, na ushungi wake, ameinamisha kichwa vilevile kama alipokuwa akichambua mchele. Msimamizi akaikunja, akaitupa. Nilikuwa na haki ya kuiomba. Sikuomba. Miaka zaidi ya thelathini, na mkono wangu bado unaitaka karatasi ile.

Labda hakukosea, ilikuwa karatasi iliyoharibika. Lakini angenitazama usoni kwanza! Basi, tuyaache.

Nimekuambia tangu utotoni: jicho kwanza, ndoto baadaye. Redon mwenyewe alieleza kwamba alianza kwa kunakili kitu kidogo, jiwe, jani, kwa uangalifu wote, ndipo hamu ya kubuni ikampanda. Alikuwa na rafiki mtaalamu wa mimea, Clavaud, aliyemfunza kutazama. Kwa hiyo hakuota, alitazama. Lakini nikihesabu miguu ya buibui wake napata kumi, na mtu aliyefunzwa hivyo hakosei kuhesabu. Ile miwili ya ziada aliitoa wapi? Hapo ndipo ninapokwama, na jibu linanijia mdomoni kila siku, nalimeza.

Ukirudi pale zilipo picha, usogee karibu kadiri watakavyokuruhusu, uhesabu upya. Halafu uniambie kama weusi ule unang'aa kama wino mbichi au umefifia kama masizi ya chungu.

Baba yako