Mabinti mnaotaka kufanya sanamu, anzeni na udongo

Wadogo zangu mnaoniuliza muanzie wapi, mie nasema udongo. Msikimbilie mbao kwa sababu tu mafundi milango wanaheshimika Mji Mkongwe, patasi utaishika baadae ukitaka. Udongo mama zetu wanaujua, vyungu na vyetezo wanafinyanga miaka yote na hakuna aliewahi kuwaita wasanii, hili linaniuma kwa kweli.

Mtizameni Reinata Sadimba, Mmakonde wa Msumbiji, kazaliwa 1945. Kufinyanga kafunzwa na mamake, vyombo vya nyumbani tu, na kwao kuchonga mbao ni kazi ya wanaume. Basi udongo ule ule akaanza kuutia sura za watu na viumbe vya ajabu, mwaka 1980 akahamia huku Tanzania akakaa mpaka 1992, akarudi kwao akafanya kazi Maputo na sanamu zake zimeoneshwa mpaka Ulaya. Hakuacha alichofunzwa na mamake, kakiendeleza.

Sasa kazi yenyewe. Udongo uchambue mawe na mizizi, uloweke, ukande mpaka mikono ichoke, tia mchanga kidogo au vigae vya chungu kilichovunjika uvitwange. Sanamu kubwa liwe wazi ndani na unene ulingane. Ukiunga mkono au sikio kwaruza pande zote mbili upake udongo wa uji, usibandike tu maana litaanguka. Kukausha ndio mtihani wenyewe, khasa masika, hewa yetu imejaa maji, kitu utakiona kikavu kumbe ndani bado, ukikitia motoni yale maji yanakuwa mvuke na kazi yote inapasuka. Anika kivulini, halafu liweke shavuni, ukihisi baridi basi bado lina maji, subiri. Moto nao uanze mdogo mdogo, makumbi kwanza.

Mtaambiwa sanamu la binaadamu halifai. Msibishane na wazee, wasikilizeni, na ambae moyo wake umesita afinyange jahazi, karafuu, mawimbi, sanaa ipo tele humo.

Bei hesabu kuni na siku zako zote, mtalii akivutana muache aende.

Na jina lako liandike chini kwa kijiti udongo ungali mbichi, kila kazi, hata chetezo, maana majumba mangapi yana kazi za mama zetu na hatujui nani kafinyanga.