Maswali na majibu: Waliotangulia kupambana na ubaguzi wa rangi

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu watu waliosimama dhidi ya ubaguzi wa rangi katika nyakati ambazo kufanya hivyo kuliweza kumpotezea mtu kazi, nyumba au roho yake. Wengi mnauliza ujasiri ule waliutoa wapi. Kila ninaposoma maisha yao nakutana na jambo lilelile: hawakuamka asubuhi moja wakawa mashujaa. Walijiandaa kwa miaka, walikuwa na watu nyuma yao, na gharama iliendelea kuwaandama hata baada ya ushindi kutangazwa.

Swali: Shuleni tulifundishwa kwamba Rosa Parks alikataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi kwa sababu alikuwa amechoka na kazi. Ni kweli?

Hapana, na yeye mwenyewe aliikanusha hadithi hiyo. Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, Alabama, Parks alikuwa na miaka 42. Alikuwa mshonaji katika duka moja kubwa, lakini alikuwa pia mwanaharakati mzoefu. Alijiunga na chama cha NAACP, kinachotetea haki za watu weusi, mwaka 1943, akawa katibu wa tawi la mji wake. Mwaka 1944 alikwenda Abbeville kukusanya ushahidi wa Recy Taylor, mama kijana aliyebakwa na kundi la wanaume Wazungu ambao hawakuadhibiwa kamwe. Kiangazi cha 1955 alihudhuria mafunzo ya kutetea haki huko Tennessee. Hata dereva wa basi lile alimjua: ndiye aliyemteremsha mwaka 1943 kwa sababu hakukubali kushuka na kupandia mlango wa nyuma.

Kuna jingine ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Miezi tisa kabla ya Parks, tarehe 2 Machi 1955, msichana wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kusimama katika mji huohuo, akaburutwa na polisi na kufungwa pingu. Viongozi wa harakati walisita kumfanya alama ya mapambano: alikuwa mdogo, alitoka familia maskini, na baadaye akapata ujauzito. Naelewa hofu yao, lakini naona walimwonea. Kesi iliyouvunja ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery haikuwa ya Parks. Ilifunguliwa na wanawake wengine, Colvin akiwa mmoja wao, pamoja na Aurelia Browder, Susie McDonald na Mary Louise Smith, na Colvin alisimama kizimbani kutoa ushahidi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha hukumu hiyo Novemba 1956.

Parks alipokamatwa, watu weusi wa Montgomery waligoma kupanda mabasi ya mji huo, na mgomo huo ulidumu siku 381. Uliwezekana kwa sababu Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha usiku ule Parks alipokamatwa akichapa makumi ya maelfu ya vipeperushi, na watu weusi wa Montgomery wakakubali kutembea kwa miguu au kupeana lifti mwaka mzima. Parks alipoteza kazi, akapokea vitisho vya kuuawa, na mwaka 1957 akahamia Detroit. Kwa muda mrefu baada ya hapo yeye na mumewe waliishi kwa shida.

Swali: Harriet Tubman aliwaokoa watumwa wangapi? Wengine wanasema 300.

Idadi ya 300 ilitoka kwenye kitabu cha zamani kilichotia chumvi. Watafiti waliochambua kumbukumbu wanakadiria alirudi Maryland mara 13 hivi na kuwatoa watu wapatao 70, mbali na wengine aliowapa maelekezo wakatoroka wenyewe. Sioni kwamba idadi hiyo inampunguzia lolote. Yeye mwenyewe alikuwa ametoroka utumwani huko Maryland mwaka 1849, na mwaka uliofuata sheria mpya ikaruhusu waliotoroka wakamatwe hata katika majimbo yasiyo na utumwa. Ndiyo maana akaanza kuwapeleka mpaka Kanada.

Angalia jinsi alivyofanya kazi. Alipendelea majira ya baridi, usiku ukiwa mrefu na watu wamejifungia ndani. Aliwaondoa watu Jumamosi jioni kwa sababu gazeti lisingeweza kutoa tangazo la mtoro kabla ya Jumatatu. Alianza kwa kumwokoa mpwa wake Kessiah, Desemba 1850, aliyekuwa anapigwa mnada pamoja na watoto wake wawili mbele ya mahakama ya Cambridge, Maryland. Mume wa Kessiah, mtu huru, ndiye aliyepanda dau akashinda, na kabla hajadaiwa fedha mke na watoto walikuwa wameshatoweshwa. Usiku familia ikasafiri kwa mashua kuelekea Baltimore, ambako Tubman alikuwa akiwasubiri. Haya yote aliyafanya akiwa na ugonjwa wa kusinzia ghafla, uliotokana na kipande cha chuma alichopigwa nacho kichwani angali msichana.

Swali: Ruby Bridges alikuwa na miaka sita tu alipopitishwa katikati ya watu wanaomtukana ili aingie shule. Je, ilikuwa haki wazazi kumtuma mtoto hatarini?

Swali hili ni zito, na lilimgawa baba na mama yake. Baba, Abon, hakutaka. Mama, Lucille, alitaka binti yake apate elimu aliyonyimwa yeye, na mwishowe akamshawishi mumewe. Tarehe 14 Novemba 1960, maafisa wanne wa serikali kuu walimsindikiza Ruby hadi shule ya William Frantz, New Orleans, iliyokuwa ya Wazungu watupu. Siku hiyohiyo wasichana wengine watatu weusi waliingia shule nyingine mjini humo. Wazazi Wazungu wakawatoa watoto wao. Mwaka mzima Ruby alisomeshwa peke yake darasani na Barbara Henry, mwalimu aliyetoka Boston, kwa kuwa wengine walikataa kumfundisha. Mwanamke mmoja alikuwa akimtishia kila asubuhi kwamba atamwekea sumu, kwa hiyo mtoto akaruhusiwa kula chakula cha kutoka nyumbani tu.

Baba alifukuzwa kazi. Duka walilozoea likakataa kuwauzia. Babu na bibi, waliolima shamba la mtu huko Mississippi kwa kugawana mavuno, walifukuzwa kwenye ardhi hiyo. Kwa upande wa pili, majirani walijitolea kulinda nyumba yao, mmoja akampa baba kazi, na wengine walitembea nyuma ya gari lililompeleka mtoto shule.

Kwangu mimi, wazazi hawa si wa kulaumiwa. Hatari haikuletwa na wao, ililetwa na watu wazima waliosimama nje ya lango la shule wakimzomea mtoto mdogo. Hata hivyo, sipendi tunapoisimulia habari hii kana kwamba ni picha tu ya msichana mwenye gauni jeupe. Wazazi wale baadaye walitengana, na Ruby mwenyewe ameeleza kwamba mzigo wa mwaka ule ulichangia.

Swali: Kila mara mnawataja Wamarekani. Afrika Mashariki hatukuwa na watu wa namna hii?

Tulikuwa nao, na tunawajua kidogo kuliko wanavyostahili. Nchini Kenya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho yenye alama za vidole na kumbukumbu za mwajiri, ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mzungu hakubeba. Mwaka 1921 walowezi wakapunguza na mishahara. Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu serikalini, alianza kuhutubia mikutano mikubwa akipinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa, zikiwemo zile walizofanyishwa wanawake na wasichana. Alikamatwa Machi 1922.

Maelfu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Tarehe 16 Machi wajumbe waliokwenda kuonana na serikali walirudi wakawaambia watu watawanyike. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipowageukia wanaume, akainua nguo yake juu na kuwaambia waichukue wao, yeye wampe suruali zao. Kwa Wakikuyu, mwanamke kujifunua hivyo ni laana na aibu ya mwisho kwa wanaume waliopo. Wanawake walipiga vigelegele, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walisema walikuwa wengi zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Nimtaje na Makhan Singh, kwa sababu anasahaulika mno. Alizaliwa Punjab, akaletwa Kenya akiwa kijana, na katikati ya miaka ya 1930 akajenga chama cha wafanyakazi kilichofungua milango kwa watu wa rangi zote, wakati utawala mzima ulisimama juu ya kuwatenga Mzungu, Mhindi na Mwafrika. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata akakamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961.

Swali: Wanawake 20,000 waliandamana Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1956 kupinga pasi, vibali ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba. Kwani walifanikiwa?

Kwa muda mfupi, hapana. Afadhali niseme hivyo wazi. Tarehe 9 Agosti 1956 walifika makao ya serikali wakiongozwa na Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams: Mwafrika, Mzungu, Mhindi na Chotara, jambo ambalo peke yake lilikuwa kejeli kwa utawala uliotaka makundi hayo yaishi mbalimbali. Waziri Mkuu Strijdom hakuwapo kuwapokea. Waliacha marundo ya karatasi zilizotiwa saini, wakasimama kimya nusu saa, kisha wakaimba kwamba ukimgusa mwanamke umegusa mwamba.

Miezi minne baadaye Ngoyi na Joseph walikuwa kati ya watu 156 walioshtakiwa kwa uhaini. Kesi iliendelea hadi 1961, walipoachiwa wa mwisho. Mwaka 1963 pasi zikawa lazima kwa wanawake Waafrika wote. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, Ngoyi akiwa amefariki miaka sita kabla, mwenye maisha yaliyobanwa na amri za serikali kwa miaka mingi. Hata hivyo maandamano yale hayakuwa bure. Yaliwafundisha wanawake kujipanga nchi nzima, huku wengi wao wakiwa wafanyakazi wa majumbani waliopata nauli kwa kuchangishana.

Swali: Kwa nini Bessie Coleman alikwenda Ufaransa kujifunza urubani?

Kwa sababu shule za Marekani hazikumpokea: alikuwa mweusi, tena mwanamke. Alikuwa akitengeneza kucha Chicago. Akajifunza Kifaransa, akaweka akiba, akapata wafadhili, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa. Aliporudi alirusha ndege kwenye maonyesho, na huko Texas alikataa kuruka mpaka watazamaji weusi waruhusiwe kuingilia lango moja na Wazungu. Alikufa 1926 mazoezini kabla ya onyesho, akiwa na miaka 34, shule ya urubani aliyokusudia kuianzisha ikiwa bado ndoto.

Swali: Mwandishi mwenye kalamu tu anaweza kufanya nini mbele ya watu wenye bunduki na kamba?

Msome Ida B. Wells. Machi 1892, mjini Memphis, rafiki yake Thomas Moss na wenzake wawili waliuawa na genge la Wazungu. Kosa lao hasa ni kwamba duka lao lilikuwa likimshinda mfanyabiashara Mzungu jirani. Wells alianza kuchunguza mauaji ya namna hiyo moja baada ya jingine. Takwimu alizichukua kwenye magazeti ya Wazungu wenyewe, ili asiambiwe ametunga, na zikaonyesha kwamba wengi wa waliouawa hata hawakuwa wametuhumiwa kubaka, kisingizio kilichotajwa kila siku. Ofisi ya gazeti lake ilivunjwa Mei mwaka huohuo alipokuwa safarini, akaonywa kwamba akirudi atauawa. Alihamia Kaskazini, akazunguka Uingereza mara mbili akihutubia, na hakuacha mpaka alipofariki 1931. Sheria ya taifa la Marekani ya kuyafanya mauaji hayo kuwa kosa la chuki ilitiwa saini mwaka 2022.

Swali: Je, kuna waliowahi kulipwa au kuombwa radhi wakiwa hai?

Wachache, na kwa kuchelewa. Tubman, aliyekuwa mpelelezi wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na kusaidia kuwakomboa watu zaidi ya 700 katika uvamizi mmoja wa Mto Combahee mwaka 1863, alihangaikia malipo kwa miaka 30 na zaidi. Kwanza alipewa dola 8 kwa mwezi kama mjane wa askari. Mwaka 1899 zikawa 20, kwa kutambua uuguzi wake; upelelezi haukuhesabiwa.

Claudette Colvin naye, baada ya kukamatwa 1955, aliwekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa kosa la kumshambulia polisi. Kwa maelezo yake, hakuna aliyewahi kumjulisha kwamba muda wa uangalizi huo umekwisha. Mwaka 2021, akiwa na miaka 82, aliomba rekodi hiyo ifutwe, na jaji wa Montgomery akakubali.