Moore Yupi wa Moore Park?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninasoma Sydney, Australia, na chumba changu kiko karibu na Moore Park. Rafiki mmoja ananiambia kuwa bustani hiyo ina jina la mtaalamu wa mimea; mwingine anashikilia kuwa ni la meya mzaliwa wa Ireland. Nani mkweli? Na Mwairishi aliwezaje kuwa meya katika koloni la Waingereza?
Msomaji, Sydney

JIBU: Ndugu msomaji, ukweli uko kwa aliyekutajia meya, ingawa mwenzake hastahili kulaumiwa, maana Sydney ya karne ya 19 ilikuwa na akina Charles Moore wawili, tena wote waliozaliwa mwaka 1820. Mmoja alikuwa Mskoti wa Dundee, ambaye baada ya kufanya kazi Dublin aliiongoza Bustani ya Mimea ya Sydney kuanzia 1848 hadi 1896. Wa pili, ambaye ndiye unayemuulizia, alizaliwa jimbo la Cavan, Ireland, akahamia Sydney, akajijenga kwa biashara, akaingia baraza la jiji, na akawa meya kuanzia 1867 hadi 1869. Ardhi yenyewe ni ya Wagadigal, wenyeji wa asili wa Sydney. Macquarie, gavana wa koloni la New South Wales, aliitwaa na kuitenga mwaka 1811 kuwa eneo la pamoja la mji, na sehemu yake ikafanywa bustani ya umma mwaka 1866.

Kuhusu swali lako la pili, sheria haikumzuia, kwa sababu Ireland ilikuwa ndani ya Ufalme wa Muungano na watu wake walihesabiwa kuwa raia wa Malkia kama watu wa London. Katika siasa za jiji kilichopimwa zaidi ni mali. Chuki, hata hivyo, ilikuwepo. Tarehe 12 Machi 1868, Moore akiwa madarakani, Mwairishi Henry James O'Farrell alimpiga risasi ya mgongoni Mwana wa Mfalme Alfred, mtoto wa Malkia Victoria, katika hafla ya hisani huko Clontarf, kitongoji cha Sydney. Alfred alipona, na tarehe 4 Aprili akaweka jiwe la msingi la Ukumbi wa Jiji, juu ya makaburi ya zamani ya mji. O'Farrell alinyongwa mwezi huohuo, huku Waairishi wa koloni zima wakitazamwa kama washukiwa. Kwa maoni yangu, hakuna meya wa asili hiyo ambaye angeuona mwaka huo kuwa mwepesi.

Baadaye, katika miaka ya 1870, Moore aliiwakilisha East Sydney katika Bunge la New South Wales, na tangu 1880 akawa katika Baraza la Kutunga Sheria, yaani baraza la juu la bunge hilo, ambalo wajumbe wake waliteuliwa kwa maisha yao yote. Alifariki mwaka 1895. Mskoti aliishi hadi 1905. Hivyo ukisoma magazeti ya zamani ya Sydney, tazama kwanza kazi inayotajwa kabla ya kuamua ni Moore yupi.